Kigoda cha Mama Glorious

"Hivi, Mama Beata, siku mpira ukikoma, mimi na wewe tutaongea nini?"

Hedwiga aliuliza hivyo mwaka juzi, kwa mzaha tu, huku akichambua usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Kunigunda alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mpira ukome uende wapi, Mama Glorious? Hata Yesu akirudi Jumamosi, itabidi asubiri dakika tisini." Kisha akafanya ishara ya msalaba haraka haraka, maana aliona mzaha umevuka mpaka.

Walikuwa majirani, uzio wa matete tu katikati yao. Redio ilikuwa ya marehemu Tobias, mume wa Kunigunda. Kwa sababu ya mlima ulio nyuma ya kijiji, ilishika matangazo ya Songea mahali pamoja tu: pembeni mwa baraza lake, ikiegemezwa kwenye nguzo, waya wake umefungwa kwenye mpapai. Basi kila Jumamosi Hedwiga alikuwa akija na kigoda chake. Mwishowe akachoka kukibeba, akakiacha hapo hapo barazani, kando ya kile cha Kunigunda. Kigoda kikakaa miaka. Kuku walishazoea kulala juu yake.

Timu yao ilikuwa Ngolo Stars ya Mbinga mjini, kule juu kwenye baridi na kahawa, iliyopewa jina la yale mashimo ya shamba wanayolimia Wamatengo. Watu wa ziwani wangeipendea nini? Waliipenda kwa sababu langoni alisimama Glorious, mtoto wa Hedwiga, aliyekulia mchanga huu huu wa Lipingo akidaka machungwa mabichi. Utotoni, mama yake akichelewa kurudi kutoka mwaloni kununua samaki, alikula kwa Kunigunda bila kukaribishwa. Ndiyo maana mtangazaji akisema "Glorious ameokoa," walishangilia wote wawili, na asiyewajua asingeweza kusema ni yupi aliyemzaa.

Kunigunda alikuwa na binti mmoja, Beata, aliyeolewa Njombe, anayepiga simu Sikukuu na akiugua. Mume wa Hedwiga alikuwa Ngaka kwenye makaa ya mawe, mtu wa kurudi nyumbani mara moja moja. Jumamosi ilikuwa na watu wawili. Siku nyingine zote Kunigunda aliongea na Mungu na kuku.

Ndipo Stephano akavunjika mguu.

Stephano alikuwa mshambuliaji. Alivunjika uwanjani, watu wote wakisikia, hata hao wawili barazani. Kilichofuata hakikutangazwa redioni, kililetwa na midomo: kwamba viongozi wa klabu walimpakia nyuma ya pikapu, wakampeleka Kingerikiti kwa mama yake, wakamshusha kama gunia la mahindi, wakageuza gari. Hospitali, hakuna. Pole, hakuna. Wachezaji wenzake wakasema hawagusi mpira mpaka Stephano atibiwe, na mpaka kila mmoja awe na mkataba unaosema akiumia nani anamtunza. Aliyesimama mbele kuyasema hayo alikuwa kipa. Mwenyekiti wa klabu akajibu kwamba yeye hapangiwi na watoto.

Jumamosi ya kwanza ya mgomo redio ilipiga nyimbo. Hedwiga alikuja vilevile, akakaa.

"Mihogo yako imekauka?" Kunigunda akauliza.

"Imekauka."

"Yangu bado kidogo."

"Itakauka."

Wakasikiliza nyimbo. Kunigunda alitafuta neno lingine, akalikosa. Ilimshangaza. Aliyajua magoli yote aliyofungwa Glorious tangu aanze, lakini hakujua Hedwiga alilala vipi usiku, wala alimwogopa nani, wala kama yule mume wa Ngaka alikuwa bado mume. Hakuwahi kuuliza. Mpira ulikuwa ukijibu yote. Jua lilipoanza kushuka upande wa ziwa Hedwiga alisema ana kuni za kupasua, akaenda. Jumamosi ya pili alichelewa. Ya tatu hakuja, na kuku wakalala juu ya kigoda tangu mchana.

Kijijini nako hapakuwa pazuri. Bendera za njano zilishushwa kwenye pikipiki. Vijana waliozoea kubishana kuhusu mabao sasa walikaa dukani wakitafuta wa kumlaumu. Siku moja Kunigunda alikuwa ananunua chumvi Hedwiga alipopita, na Nazari wa bodaboda akapaza sauti:

"Shikamoo Mama Golikipa! Mwambie mwanao aache kutikisa kiberiti. Sisi Jumamosi tunakaa kama wafiwa!"

"Marahaba. Kavunjike mguu kwanza wewe," Hedwiga akamjibu bila kusimama, "tuone utaendeshea nini hiyo pikipiki."

Watu wakacheka, wengine wakazomea. Hedwiga alimtupia Kunigunda jicho, mara moja tu. Kunigunda akaanza kukagua chumvi yake kama vile ina mawe.

Alhamisi jumuiya yao ndogo ya kanisa ilisali kwa Mzee Florian, mwenyekiti wao. Baada ya kushirikishana Injili ukafika wakati wa maombi, kila mwenye nia anaisema kwa sauti, na wote wanaitikia. Mmoja aliombea mvua. Mwingine akaombea mjukuu wake anayefanya mtihani. Kunigunda hakuwa amejiandaa. Alikuwa akitazama ukutani, akiona baraza lake, redio, na viti viwili, na moyo ukamjaa, na mdomo ukatangulia:

"Ee Bwana, uwajalie wachezaji wetu wa Ngolo Stars moyo wa unyenyekevu, wawatii wakubwa wao, warudi kazini, nasi tupate tena furaha yetu. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote.

Wote, isipokuwa mmoja. Katika chumba kidogo kama kile, sauti moja ikikosekana husikika. Hedwiga alikuwa ameinamisha kichwa, rozari imetulia mkononi. Kunigunda alitaka kusema: sikumaanisha Glorious, nimemaanisha wewe uje. Lakini sala ikishasemwa mbele ya watu, unaivutaje? Mzee Florian akaanzisha Baba Yetu.

Walitoka. Njia ya kurudi ilikuwa moja, na Hedwiga alitembea mbele kwa haraka.

Kesho yake Kunigunda alimpelekea viazi vitamu vya moto.

"Karibu," alisema Hedwiga akiwa mlangoni.

"Nimeona nikuletee."

"Asante, Mama Beata. Nimekwisha kupika."

Alivipokea hata hivyo, maana chakula hakikataliwi. Sahani ilirudi siku hiyo hiyo, imeoshwa, imewekwa juu ya uzio. Haikuwa na kitu ndani. Tangu wajuane, sahani ilikuwa haijawahi kurudi tupu.

Kunigunda alisali. Alimwambia Mungu kwamba yeye ni mwanamke wa darasa la saba, hajui kupanga maneno, ila Yeye anajua kusoma moyo. Mungu akakaa kimya, kama kawaida yake anapotaka mtu asikie mwenyewe.

Jumatano redio ikatangaza: Jumamosi Ngolo Stars watashuka uwanjani. Mgogoro umekwisha.

Kunigunda aliruka uzio wa matete kama msichana, khanga ikabaki imenasa.

"Mama Glorious! Jumamosi mpira upo! Yamekwisha!"

Hedwiga alikuwa anaanua usipa kwenye chanja. Alisimama. "Nani kasema?"

"Redio! Kwa masikio yangu."

"Glorious hajaniambia. Tangu Jumapili simu yake haipatikani."

"Wako kambini hao, wamenyang'anywa simu. Si unajua mambo ya kambi? Njoo, Mama Glorious. Utamsikia mwenyewe."

Hedwiga alitazama mikono yake iliyojaa magamba. Akasema polepole, "Nitakuja."

Jumamosi Kunigunda alifagia baraza. Alifukuza kuku, akakifuta kile kigoda kwa kitambaa cha maji, akachemsha chai yenye tangawizi. Hedwiga akaja. Akaketi kwenye kigoda chake, magoti pamoja, kama mtu aliye kwenye benchi la zahanati. Wakanyamaza, lakini Kunigunda aliona hiki ni kimya cha zamani, kile cha kusubiri filimbi, na moyo wake ukatulia.

Mtangazaji akaanza kusoma kikosi.

"Langoni yupo Dunstan..."

Hedwiga akainua uso. Mtangazaji akaendelea, jina la pili, la tatu, mpaka la kumi na moja. Yote mageni. Kisha akaeleza, kwa sauti ile ile ya furaha, kwamba wale waliogoma wameondolewa wote klabuni, vijana wapya wameletwa, na mwenyekiti anawashukuru mashabiki kwa uvumilivu na kwa sala zao.

Chai ilikuwa inapoa. Kunigunda alinyoosha mkono kuelekea redio, akaurudisha. Akiizima, atasema nini? Na asipoizima?

"Mama Glorious," alisema, "labda yuko njiani anakuja nyumbani."

"Labda."

"Atafika. Atakula hapa."

Hedwiga hakuondoka. Macho yake yalikuwa kwenye redio kana kwamba jina la mwanawe limesahaulika tu, na litasomwa sasa hivi. Kunigunda alisogeza kigoda chake karibu kidogo. Alianza kuyapanga maneno, safari hii taratibu, moja baada ya jingine: lile jicho la dukani, ile sala, Jumamosi zile tatu. Alikuwa ameshafungua mdomo.

Redioni ngoma zikavuma, mtangazaji akapanda sauti, akapanda tena, mpira umepigwa kutoka kona, kichwa...

"Gooooli! Ngolo Stars!"

Na mikono ya Kunigunda, mikono ya miaka yote ile, ikapiga makofi. "Tumefunga!"

Aliisikia sauti yake mwenyewe. Mikono ikabaki hewani, imetengana kidogo.

Hedwiga alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo Kunigunda aliloshindwa kulivumilia. Akaweka kikombe chini, bado kimejaa. Akasimama, akakung'uta gauni lake nyuma, akainama, akakiinua kile kigoda, akakikumbatia kifuani. Pale kilipokuwa kimekaa miaka, sakafu ilikuwa na alama nne nyeupe. Akashuka barazani, akapita kando ya mpapai, akazunguka uzio kwa njia ndefu ya mlangoni.