Shangazi Apokelewa Gerezani

Mapokezi ya gereza yalifanyika uani, mbele ya jiko, kwa sababu chumba cha mapokezi kilikuwa kimejaa masufuria yaliyotoboka. Muuguzi aliketi kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi, na mahabusu waliofika asubuhi hiyo walichuchumaa mstarini, mkono mmoja umeshika viatu, mwingine umeshika suruali isianguke, maana mikanda ilikuwa imechukuliwa. Aliuliza maswali yaleyale kwa kila mtu, kwa sauti ya kushinda kelele za jiko. Una kifua? Una kisukari? Una tatizo la akili? Nyuma yake alisimama afande wa zamu, na kila lilipofika swali la mwisho aligeuza macho polepole kuelekea chumba cha pembeni kisicho na dirisha, wala blanketi, wala ndoo, kilichotengwa kwa ajili ya watu watakaojibu ndiyo. Wenyewe walikiita Hotelini. Basi gereza lile halikuwa na mgonjwa wa akili hata mmoja, na mkuu wa gereza alijivunia jambo hilo kila alipopewa kipaza sauti.

Fundi cherehani mmoja alipofikiwa, alisema yeye ni mzima. Alisema akitabasamu, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Ukweli ni kwamba alikuwa mtu wa vidonge tangu ujana, asubuhi na jioni, na aliishi navyo vizuri tu, akashona sare za shule na suti za maharusi, mpaka zahanati ilipoishiwa. Zahanati ikamwambia arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika, ikamwambia vilevile. Katika njoo kesho hizo, sauti ya kichwani iliyokuwa kimya miaka nenda rudi ikakohoa, ikaanza tena kazi. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, mkali, mwenye neno kwa kila jambo. Yeye alimwita Shangazi, ingawa baba yake hakuwahi kuwa na dada.

Shangazi ndiye aliyesema kwamba sare ya trafiki wa pale njia panda imembana kwapani, na kwamba hiyo ni aibu ya mafundi wote wa mji. Fundi akachukua futi yake, akaenda kumpima katikati ya barabara, magari yakipiga honi. Trafiki alivumilia mabega, akavumilia kifua, akavumilia kiuno. Fundi alipoinama kupima ndani ya mguu, uvumilivu ukaisha. Kosa likaitwa kumzuia askari kutekeleza wajibu wake.

Gerezani, bila vidonge, Shangazi alizidi kupaza sauti. Asubuhi moja wakati wa hesabu, watu wamechuchumaa safu safu na afande wa zamu anapita akigusa vichwa kwa fimbo, sauti ikasikika ua mzima: "Na mimi je? Mbona mnaniruka?"

Afande akasimama. "Nani huyo?"

"Shangazi yangu, afande," fundi akasema.

"Yuko wapi?"

"Kwa kawaida huwa kichwani. Leo naona ametoka kupunga hewa."

Afande akaitazama nafasi iliyo juu ya bega la fundi. Utaratibu wa gereza ni kwamba anayeitika anahesabiwa, kwa hiyo akamhesabu. Hesabu ikazidi mtu mmoja. Wakarudia, ikazidi vilevile, na chai ikawa inapoa jikoni kwa sababu hakuna anayekunywa mpaka hesabu itimie. Watu wakaanza kuguna. Kilichomuudhi afande si kwamba Shangazi hakuwa na mwili, maana katika kazi ile alishaona mengi. Kilichomuudhi ni kwamba ameingia bila kupita mapokezi, tena mwanamke, tena gereza la wanaume, tena zamu yake.

"Mpeleke huyo mama akapokelewe upesi," akasema. "Watu wana njaa."

Fundi akaenda mezani, Shangazi begani.

"Una kifua?" muuguzi akauliza bila kuinua macho.

"Kifua sina, mwanangu. Hata shingo sina."

"Una kisukari?"

"Sijawahi kupimwa."

"Una tatizo la akili?"

"Ninalo! Tena kubwa," Shangazi akasema. "Silali. Naona kila mtu ananisema. Namwamrisha mtu kutwa nzima, halafu akinitii namtukana kwa kunitii. Dawa zangu ni vile vidonge vyeupe, asubuhi na jioni. Nikivipata natulia mpaka nasahaulika. Zahanati imeishiwa. Nisaidieni, jamani, nimechoka."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Tangu aajiriwe hakuna mtu aliyewahi kumjibu ndiyo, na alikuwa amesomea jibu hilo, akafaulu, akapigwa hata picha. Machozi yakamlenga. Akamgeukia afande na kumwambia asithubutu hata kulitaja jina la Hotelini mbele ya mama huyu. Mama huyu ni wa hospitali, na aende leo hii, kwa gari.

Fundi akaona mlango umefunguka, naye akataka kujipenyeza.

"Sista, huyo ni wa kwangu. Mgonjwa ni mimi. Vidonge hivyo ni vyangu."

"Wewe ulisema mzima."

"Niliogopa. Niulize tena, nakuomba."

Muuguzi hakuwa na roho mbaya. Alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mwenye akili zake, kwamba swali huulizwa mtu anapoingia, na yeye ameshaingia. Ili aulizwe upya, itabidi kwanza atoke.

"Sasa nitatokaje?"

"Hapo sijui, kaka. Mimi niko mapokezi."

Gari likaletwa. Afande akafungua mlango wa nyuma, akasubiri kidogo, akaufunga. Kutoka ndani Shangazi akasikika akilalamikia kiti.

Hospitali walimpa kitanda cha dirishani. Asubuhi na jioni walimwekea kidonge juu ya mto, na wakigeuka kimeshaondoka. Daktari alikuja kumjulia hali na kumsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo fundi hakuwahi kufanyiwa na daktari yeyote, hata alipokuwa akilipa.

Huku nyuma Dada, yaani dada mkubwa wa fundi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alizunguka maduka ya dawa mpaka soli ikaachia, akapata vidonge, akavipeleka langoni.

"Mdogo wako si mgonjwa," mlinzi wa lango akamwambia. "Mapokezi alisema mzima. Dawa tunapokea za wagonjwa tu."

"Tangu anaanza kuumwa, mimi ndiye namfulia nguo!"

"Mgonjwa aliyetoka hapa ni shangazi yake. Ukipenda, hizo tutampelekea yeye."

"Shangazi gani? Yule ndiye ugonjwa wenyewe!"

"Mama, usimtukane mgonjwa," mlinzi akasema, na alikuwa anamaanisha.

Dada akamwachia neno moja lisiloandikika, akaondoka. Vidonge vikafikishwa kwa Shangazi vyote, hakikupotea hata kimoja. Tuwape haki yao, wizi hawakuwa nao.

Sasa mtu angedhani fundi, kwa kuwa Shangazi ameondoka, amepona. Wenzake wa selo walidhani hivyo, wakampa hongera kwa utulivu. Kumbe Shangazi alikuwa ule upande wa ugonjwa unaosema. Uliobaki ulikuwa bubu, na ulimkalia fundi kifuani kutwa kucha. Hakulala. Aliacha kuoga, kisha akaacha kuongea, kisha akaacha kula. Shangazi, pamoja na ukali wake, ndiye aliyekuwa akimfokea ale asije akaanguka mbele za watu. Sasa sahani ililetwa, fundi akaitazama, na mwenzake akaimaliza. Afande wa zamu alimsifu kwa tabia njema.

Na jambo lenyewe likaenea. Sauti za wengine nazo zikaanza kutoka, moja ikiimba, nyingine ikihesabu nyuma nyuma, nyingine ya mzee anayedai amelishwa sumu. Gereza likaweka benchi pembeni ya meza ya muuguzi. Wanaume waliendelea kuchuchumaa na kusema wazima, na sauti zao zilikaa benchini zikisema ukweli, halafu wanaume wakaenda selo na sauti zikaenda hospitali. Mkuu wa gereza akaongeza hilo kwenye hotuba.

Kesi ilipoitwa, Shangazi alikiri mbele ya hakimu kwamba yeye ndiye aliyeagiza trafiki apimwe. Hakimu akamwachia huru, kwa kuwa wakati huo hakuwa timamu. Fundi, ambaye kwa mujibu wa mapokezi alikuwa timamu kabisa, alihukumiwa mwaka mzima.

Shangazi akaenda kukaa kwa Dada, kwa kuwa hakuwa na ndugu mwingine. Alikuwa amebadilika. Aliamka salama, alishukuru kwa kila kitu, na sauti yake ilikuwa imepungua hadi ya mtu anayeongea asimwamshe mtoto. Dada hakumpenda, lakini alimwekea kidonge chake mezani kila siku, akijiuliza anafanya nini.

Siku ya kuonana na wafungwa, Dada alirudi nyumbani akakaa na viatu miguuni.

"Hajambo?" Shangazi akauliza.

"Hajambo."

"Usinidanganye."

"Mikono imekuwa fimbo," Dada akasema, akalia kwa sauti. "Nimemsemesha, hanioni. Hali kitu! Atanifia mle ndani."

Shangazi akasema, "Nirudishe. Mimi hunisikia."

Kesho yake asubuhi wakaenda. Mlinzi wa lango aliwasikiliza kwa adabu zote, akaingia ndani kuuliza, akarudi.

"Haiwezekani, mama. Huyu amepona, na kesi hana. Hapa hatupokei mtu mzima wa afya asiye na kesi."

Wakazunguka mpaka ukuta wa nyuma, ulio karibu na selo ya fundi. Dada akasimama kwenye majani, na Shangazi akaita. Akamwita kwa jina lake la utotoni, akamwambia ale, ale hata matonge mawili. Aliita kwa nguvu zake zote, na Dada, aliyekuwa pembeni yake, ndiye peke yake aliyemsikia. Dawa zilikuwa zimefanya kazi vizuri sana. Sauti haikufika hata nusu ya ukuta.

Dada akafuta uso kwa kanga, akamwambia ajaribu tena.