Mstari Uliofuata Saa

Daktari hakuweza kumpasua mama kabla ya kuona picha za kifua chake, nazo zilikuwa zikitumwa na mfumo wa hospitali tangu asubuhi. Kwenye skrini, mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ulifika asilimia tisini na tisa, ukaganda hapo. Nilimpigia shemeji, aliyeuunda mfumo huo.

"Kazi yenyewe ya kutuma picha ilikufa mapema, shemeji," alisema. "Mstari unasogea kwa kufuata saa tu, hata kazi ikiwa imekufa. Ukisimama njiani, watu hulalamika."

"Kwa hiyo umetuajiria mwongo?"

"Subira huvuta heri, bwana."

"Subira ya nani? Mama anahema kwa shida! Anzisha kazi upya, na mstari wako uufute sasa hivi."

Aliufuta, akaianzisha kazi upya. Punde skrini ikaandika kuwa picha ya kwanza imefika. Nilikata simu bila kumuaga, nikamwita daktari.