Harufu ya Ghala la Courtillet

Odile aliinusa ile divai mara moja tu, akairudisha glasi juu ya pipa bila kuigusisha mdomoni.

"Kaka, inanuka boksi lililonyeshewa."

Anselme Courtillet alicheka. Kizibo kibovu hicho, alisema, hutokea hata kwa wafalme. Akazibua chupa ya pili. Dada yake akanusa, akatikisa kichwa. Ya tatu, vilevile. Hapo kicheko kikamwisha. Jumamosi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Vinsenti, msimamizi wa wakulima wa zabibu, na kwa mara ya kwanza tangu baba yao afariki ilikuwa zamu ya nyumba yao kukimiminia divai kijiji kizima cha Vaucreuse. Divai aliyoichagua ilikuwa imelala ghalani miaka sita ikikomaa. Anselme alikuwa amejiapiza kwamba baada ya siku hiyo hakuna atakayemwita tena mtoto wa marehemu Courtillet. Wangemwita Courtillet, basi.

"Moshi wa magari ya huko mjini kwako Lille umekula pua yako," alisema. "Hiyo ni harufu ya udongo wetu. Ndiyo sahihi ya divai yangu."

"Udongo gani? Imenipokea pale mlangoni, hata glasi sijashika! Ni ghala lote, Anselme. Wewe huisikii kwa sababu unalala nayo, unaamka nayo. Nyani haoni kundule."

Kuitwa nyani ndani ya ghala la babu yake! Anselme alikwapua chupa ile ya tatu, akamshika Odile mkono, akamkokota hadi ng'ambo ya njia kwa Gaspard Tissier. Gaspard alikuwa rafiki yake tangu utotoni, mkulima wa zabibu kama yeye, mwenye ulimi ambao hakuna mtu pale kijijini aliyethubutu kuubishia. Kila mwaka aliionja divai ya Anselme, na kila mwaka alisema neno lilelile: "Imekaa vizuri."

Walimkuta na mkewe Mireille mezani, wanamalizia jibini.

"Shemeji, hebu glasi," Anselme alisema. "Gaspard, mwambie huyu mwanamke wa mjini."

Gaspard akanusa. Akamtazama mkewe. Mireille akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Sema basi! Umekuwa bubu leo?"

Gaspard aliinuka. Alishuka kwenye ghala lake, akarudi na chupa isiyo na lebo, akammiminia. "Kwanza onja hii, uniambie."

Kubahatisha divai ya mtu bila kuona jina ni mchezo ambao Anselme hakuwahi kuukataa, hata akiwa na hasira. Aliizungusha glasi, akanusa, akavuta funda moja pamoja na hewa na kulisukasuka mdomoni.

"Safi. Cheri, karafuu kidogo. Mwenyewe ana mkono mzuri. Lakini haina udongo, bwana. Ukishameza, ulimi unabaki mtupu kabisa. Huyu bado anajifunza. Ya nani?"

"Ya kwako."

"Acha utani."

"Ya kwako, Anselme. Uliniletea mwenyewe, mwaka mmoja kabla hujabadilisha boriti za ghala."

Anselme akavuta kiti, akaketi. Boriti! Mwaka aliofariki baba yake alizipandisha mpya kwa mikono yake mwenyewe, akazipaka dawa ya wadudu mara tatu ili zidumu kuliko yeye. Kumbe dawa ile ilikuwa ikipumua miaka yote hiyo, ikaingia kwenye mapipa, kwenye vizibo, kwenye divai yenyewe, na pua yake ikaizoea hadi akaipa jina la udongo. Akaonja tena. Ule utupu alioucheka ulikuwa ladha ya zabibu za baba yake, bila kitu juu yake. Alikuwa ameikana kazi yake mwenyewe mbele ya watu. Aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hofu.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza," Mireille alisema kwa sauti ya chini. "Kijiji kizima."

"Na mkanywa?"

"Tulikunywa," alisema Gaspard. "Nyingine tulimwagia maua. Ndugu yangu, ulikuwa umemzika mzee juzi tu. Mtu angeanzaje kukwambia?"

"Angeanza kwa kuniita jina!" Anselme alifoka hadi mbwa wa nje akabweka. "Miaka saba! Mnanichekea, tunagonga glasi pamoja, kumbe mimi nalaza uvundo nikingoja ukomae!"

Gaspard alimwekea mkono begani. "Jumamosi usiwe na wasiwasi. Wewe mimina tu. Watu watakunywa, wamekwisha zoea. Hakuna atakayekuaibisha."

Maneno hayo yalimpiga Anselme kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu aliona wazi kwamba rafiki yake alikuwa akiyasema kwa upendo mtupu. Alimkodolea macho. Odile, aliyekuja na maneno makali, sasa alikuwa akilia.

"Hapana," Anselme alisema. "Jumamosi nitamimina hii hii ya uvundo, na mtaitema. Nyote, mbele yangu, mmoja mmoja. Na wewe, Gaspard, ndiye utakayeanza."