Kipimo cha Mgongo

Lazaro wa kwenye Biblia alilala mlangoni kwa tajiri. Lazaro wa kitongoji chetu, huku upande wa Issuna, ndiye mwenye mlango. Ana mashine ya kukamua alizeti, ana lori, na nyuma ya mashine ana mlima wa maganda ya alizeti anaowauzia wachoma matofali. Simsemi vibaya. Mali yake hakuiba, na mimi, mwenyekiti wa kitongoji, pilau lake nimelila mara nyingi tu.

Mwaka huu tulikubaliana kujenga chumba cha kujifungulia kwenye zahanati, maana wanawake wetu wamechoka kuzalia kwenye bodaboda. Fundi alitaka kokoto. Tukakaa mkutano, tukapitisha: kila kaya ijaze boksi moja, lile kubwa la mbao la fundi. Asiyejaza hadi Ijumaa jioni, mbuzi wake anauzwa, zinanunuliwa kokoto. Watu wakapiga makofi. Boksi moja kwa kila kaya, nani atasema ameonewa? Na mimi nilinyoosha mkono, tena nilikuwa wa kwanza.

Kwetu jiwe halianzi kwa nyundo, linaanza kwa moto. Unalichoma mpaka liive, unalimwagia maji, linapasuka, ndipo unakaa chini na nyundo kuponda vipande. Kwa hiyo mwenye kuni ndiye mwenye kokoto. Lazaro alituma vibarua na lori, na jua halijawa kali boksi lake lilikuwa limejaa, yeye mwenyewe hajatoka hata jasho la puani. Bibi Luciana ni mjane na mguu mmoja unamsumbua. Kuni alizifuata porini, akazibeba kichwani, akachoma kijiwe chake na kuponda kutwa nzima. Alichopata hakikufunika hata chini ya boksi.

Alikuwa na mbuzi mmoja tu, wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo uji wa mjukuu wake, Hana, ambaye mama yake alifia njiani akipelekwa kujifungua.

Jumatano nikaenda kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama Peniel. Umekuja kumtazama mbuzi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia nitawaomba watu wamsamehe, yeye ni mtu mzima, kila mtu ataelewa.

"Msinisamehe," akasema. "Chumba hicho nakitaka kuliko ninyi wote. Wewe niitie watu tu, nina neno."

Kesho yake asubuhi watu wakakusanyika nyuma ya zahanati, pale kwenye jiwe kubwa. Ni jiwe refu kuliko nyumba, na hakuna aliyewahi kulichoma, kwa sababu kuni zake zingemaliza pori. Bibi Luciana aliegemea fimbo yake, akasema anaomba mpango wa boksi utazamwe upya. Lazaro akasimama palepale.

"Bibi, kwa heshima zote, mimi boksi langu nimelipa. Boksi ni boksi. Wakati mimi nalala juu ya magunia mnadani, wengine walikuwa wanalala kilabuni. Na marehemu mzee wako, Mungu amrehemu, alikuwa hakosi."

Watu wakainamisha vichwa. Maneno yalikuwa makali, na ubaya wake yalikuwa kweli. Sote tulimjua yule mzee.

"Ni kweli," akasema bibi Luciana. "Yeye alikunywa, wewe ulifanya kazi. Hilo silikatai. Ila nikuulize, Lazaro mwanangu. Boksi lako lilipojaa, mgongo ulikuuma?"

Lazaro akaivua kofia yake.

"Wangu unauma tangu Jumatatu, na boksi halijafika nusu. Mnapima kokoto. Pimeni migongo. Kila mtu abebe mpaka aumie kama mwenzake anavyoumia. Hapo hata mkimchukua mbuzi wangu, sitalia."

Ule mkono wangu niliotangulia kuunyoosha niliuficha ndani ya kitenge, utadhani kuna aliyekuwa anautazama. Lazaro akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Nikajua ndiyo basi. Nikasema kwa sauti maneno ambayo mwenyekiti hatakiwi kuyasema, na mchungaji Hezekia akajifanya anakohoa.

Hatujatawanyika vizuri, tukasikia lori. Lilikuja limejaa maganda ya alizeti hadi juu. Anaendesha Lazaro mwenyewe. Akaruka chini, akavua shati, akashika koleo na kuanza kuyashusha kwenye jiwe. Akarudi kuleta mengine, akaja, akarudi tena, mpaka jiwe lile kubwa likabaki linachungulia tu kwenye maganda. Ule mlima wa nyuma ya mashine, ambao wachoma matofali walikuwa wameshaupigia bei, ulihamia kwetu wote.

Moto ukawashwa. Jamani, mimi nimezaliwa kwenye mawe, nimecheza juu yake, nimeanika mtama juu yake, lakini sikuwahi kujua kwamba jiwe linaweza kutia hofu. Maganda yale yana mafuta, yanawaka bila haraka na hayazimiki. Tulisogea nyuma, tukasogea tena. Kuanzia hapo hakuna aliyeamrishwa. Wanawake walienda kisimani wakarudi na ndoo, wazee na vidumu, bibi Luciana na sufuria lake la uji. Alasiri tukapanga mstari kuzunguka majivu, na mimi nikapaza sauti: "Haya, kwa pamoja!"

Maji yakaruka. Kwanza ukatoka mvuke, hatukuonana. Kisha jiwe likalia. Sauti ilipanda kutoka ardhini, ikapita magotini, nikaisikia kwenye fizi. Mvuke ulipotawanyika, jiwe ambalo babu zetu walilikuta na kuliacha lilikuwa limechanika toka juu mpaka chini, na ndani yake ni jeupe, safi, mahali ambapo jua halijawahi kufika tangu dunia iumbwe. Hakuna aliyeshangilia. Niliogopa, nikafurahi, machozi yakanitoka, na nilipotazama pembeni nikaona sikuwa peke yangu. Mchungaji alikuwa amevua viatu.

Ijumaa tuliponda wote, na mawe yalikuwa ya kumtosha kila mtu na kubaki. Lazaro akaja na nyundo mpya, akakaa chini kando ya bibi Luciana. Nyundo haikumzoea. Alijigonga kidole gumba, akatukana, akaomba radhi, akaendelea. Kokoto zao walizitupa kwenye boksi moja, la bibi. Jioni likajaa, likamwagika. Kamba ya kumchukulia mbuzi wake niliyokuwa nimeibeba kwenye kikapu nikaitumia kufungia kuni zangu.

Lazaro akajaribu kusimama, akashindwa. Akabaki pale chini, mikono imejaa malengelenge, vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye kope.

"Bibi," akasema taratibu, "langu limefika?"

Bibi Luciana hakulitazama boksi. Alimtazama yeye.

"Mgongo unauma?"

"Unauma, mama yangu. Unauma kwelikweli."

"Basi limefika," akasema, na akampa fimbo yake anyanyukie.