Kwangu Inajengeka

"Kwangu inajengeka! Nikwambie mara ngapi? Kwangu inajengeka!"

"Na kwangu inakufa. Unataka kila mteja tumpelekee kompyuta yako, Jalmari?"

"Hiyo mashine yako mbovu, Hellevi."

"Mashine hii ilikuwa inajenga lugha hii kabla hujaota ndevu. Na hizo ndevu zenyewe bado tunazisubiri."

Kule dirishani mwenzao Ronkainen akacheka mpaka kahawa ikampalia. Jalmari hakucheka. Tangu asubuhi hajakaa. Anazunguka ofisi yao ya Tampere, Ufini, jengo lililokuwa kiwanda cha nguo, anagonga meza hii, anagonga ile. Saa kumi jioni toleo jipya la lugha yao ya kuandikia programu linatoka. Ndani yake kuna kipande alichokiandika yeye, cha kwanza maishani, kazi ya majira yote ya baridi. Kisipojengeka kwenye mashine ya mwingine, kinaondolewa. Pale hakuna cha mjomba wala shangazi.

"Soma kosa la kwanza," Hellevi akamwambia. "La mwisho ni kelele tu."

Jalmari akapandisha skrini ya Hellevi juu, juu, juu zaidi, mistari myekundu ikimpita. Kosa la kwanza hilo hapo: kompaila, ile programu inayogeuza walichoandika kuwa kitu cha kuendeshwa, inalia kwamba kuna neno haijui. Neno lenyewe kalibuni Jalmari.

"Haijui vipi? Si ndilo nimeiongezea?"

"Futa kila ulichojenga kwako. Anza na kompaila ya toleo lililopita, kama sisi binadamu wengine."

"Sina haja."

"Unaogopa."

Akaenda kwenye mashine yake, akafuta. Akaanza kujenga upya. Feni ikavuma, mistari ikakimbia, na kwake nako ikafa. Palepale, kwenye neno lile.

Ronkainen akaja kuchungulia. "Aisee! Neno jipya umelitumia ndani ya kompaila yenyewe?"

"Lilipendeza," Jalmari akasema, sauti imemshuka.

Sasa akaona. Kompaila mpya hujengwa na iliyotangulia, na iliyotangulia haijawahi kulisikia neno lake. Kwake ilikubali kwa sababu kuna moja inayolijua, aliijenga mwenyewe kabla hajanogewa kulitumia kila mahali, ikabaki imejificha kwenye folda, inambeba kimyakimya. Wiki nzima kawatukania watu mashine zao.

"Naandika upya kwa njia ya zamani! Mafaili machache tu."

"Machache mangapi?"

Akaanza kuyahesabu kwa vidole, vidole vikaisha.

"Saa tisa na nusu hii, mdogo wangu." Hellevi hakuwa anatania tena. "Kipande kizuri, sikatai. Kitaingia toleo la vuli. Unakitoa mwenyewe au nikutolee?"

"Usikiguse!"

Akakitoa mwenyewe, anabonyeza herufi kama anazichoma. Hellevi akajenga. Safari hii ikaenda mpaka mwisho bila hata onyo moja. Ronkainen akaanza kupiga makofi, akamwona Jalmari, akaiweka mikono mfukoni.

"Kaa basi ule mkate wa iliki wa kusherehekea toleo," Hellevi akasema. "Bado wa moto."

"Kuleni nyie."

Akachukua koti, akageuka, akaondoka.