Siku ya Kupimwa Moshi

Restituta alikuwa ameyamwagia mafiga maji mara mbili, na bado aliinama kuyanusa majivu. Yamepoa kabisa. Alifagia masizi yaliyodondoka sakafuni, akafungua kidirisha cha upande wa migomba, akasimama katikati ya jiko lake akivuta pumzi. Tangu aolewe hakuwahi kusimama humo bila kufikicha macho. Furaha ilimjaa mpaka akacheka peke yake.

"Mama, leo hatupiki?" aliuliza Anneth, bintiye wa miaka minne, aliyekuwa kizingitini akila kiporo cha ndizi na maharage.

"Leo tunapimwa. Kula."

Kifua cha mtoto huyo ndicho kilichomnyima Restituta raha. Mganga wa zahanati alishamwambia waziwazi kwamba moshi wa jikoni utammaliza. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa zahanati. Wakimbizi walipofurika kambi ya Benaco mwaka jana, vilima vyote vya karibu vilikatwa miti. Restituta hakuwachukia, nao wana watoto wa kulisha. Lakini kuni kavu ziliadimika, na wenyeji wakabaki wakipikia mabua mabichi na vijiti vya mkaratusi, ambavyo haviwaki mpaka vimekutoa machozi na kamasi. Kila siku magari ya misaada yalipita kwenda kambini, na wao wakaachiwa vumbi.

Sasa ilikuwa zamu yao. Wakala wa Hewa wa Mkoa ulileta barua: majiko kumi na mawili ya kitongoji yatapimwa moshi, na mabomba ya bati ya kuutoa moshi juu ya paa yatagawiwa siku hiyo hiyo kufuatana na matokeo. Gozbert, mwenyekiti wa kitongoji, aliisoma barua mkutanoni kwa sauti ya kusomea Injili.

"Mnakumbuka ukaguzi wa vyoo," alisema. "Mwenye choo kichafu alipigwa faini, mwenye kisafi akasifiwa. Huu nao ni mtihani. Halafu hawa ni wageni, hatuwezi kuwakaribisha na moshi machoni. Kuanzia jana yake jioni sitaki kuona moto."

Hakuna aliyebisha. Moto ukazimwa kitongoji kizima, hata kwa bibi Kalista, ambaye moto wake haukuwahi kulala tangu enzi za mkoloni.

Saa nne gari liliingia, na mabomba yaling'aa nyuma yake. Wanawake walipiga vigelegele. Restituta alihesabu mabomba kumi na mawili, akahesabu tena. Afisa mpimaji, Evaristi, alikuwa kijana nadhifu mwenye shati jeupe na haraka nyingi.

"Shikamoo bibi," alimwamkia Kalista.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pima."

Chombo chake kilifanana na pampu ya baiskeli. Alichomeka karatasi nyeupe kwenye mdomo wa chombo hicho, akavuta hewa ya jikoni, kisha akaitazama karatasi kwenye mwanga. Alianza kwa Kalista, akaenda kwa Domisiana, jirani wa bibi huyo, akaendelea hivyo nyumba kwa nyumba huku watu wote wakimfuata kama kwenye maandamano ya Ekaristi. Kwa Restituta alivuta mara kumi. Karatasi ilitoka nyeupe pe.

"Safi," alisema Evaristi.

"Safi," aliitikia Gozbert, na kifua kikamvimba.

Jiko la mwisho lilipokwisha, Evaristi aliziweka fomu juu ya boneti, akafunga chombo chake, akamwambia dereva awashe gari.

"Na mabomba, afisa?" aliuliza Restituta.

"Yanakwenda Biharamulo. Kuna vijiji huko karatasi zao zilikuwa nyeusi tii. Nyinyi hongereni, hamna moshi."

Hasira ilimpanda Restituta, akasimama mbele ya gari.

"Tunao, afisa. Leo hatukupika. Tulizima moto kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Nani aliwaambia?"

Watu wote walimtazama Gozbert. Gozbert akatazama viatu vyake.

"Basi ngoja niwashe sasa hivi," Restituta alisema. "Ni dakika tano tu. Nina mkaratusi mbichi, utaona mwenyewe."

"Mama, kila jiko lina karatasi moja, na ina namba. Zimekwisha. Mimi naandika nilichokikuta."

"Umeyaona masizi darini? Umedhani ni rangi?"

Watu wakacheka. Evaristi hakucheka. Alimsogezea fomu na kalamu. "Weka saini hapo, kwamba umekubali matokeo. Nina safari ndefu."

Restituta aliisoma fomu taratibu. Alikuwa amefika darasa la saba na hakuwa tayari kuharakishwa. Juu ya mstari wa saini palikuwa na nafasi tupu iliyoandikwa *Maelezo ya mwenye jiko*. Akaandika kwa herufi kubwa: SIKU YA KUPIMWA HATUKUPIKA. MTOTO WANGU ANAUMWA KIFUA KWA MOSHI. Kisha akatia saini.

"Huruhusiwi kuandika hapo," alisema Evaristi.

"Nafasi ni ya mwenye jiko. Mwenye jiko ni mimi."

"Niandikie na mimi," alisema Domisiana. Nyuma yake mstari ukajipanga, wanawake wakisukumana na kuchekana, na Restituta akaandika mpaka vidole vikauma. Hakuwahi kuwa na furaha ya namna hiyo, furaha yenye hasira ndani yake. Gozbert alikohoa, akavua kofia, naye akajipanga mwisho kwa niaba ya mkewe.

Ikafika zamu ya bibi Kalista, ambaye hajui kusoma wala kuandika.

"Huyu atie dole gumba," alisema Evaristi, akishukuru kupata pa kuukatia mchezo ule. "Lakini kidau cha wino nimekiacha ofisini. Fomu isiyo na saini wala dole haipokelewi."

"Ningoje," alisema Kalista.

Aliingia jikoni kwake. Walimsikia akiburuta kigoda, akipanda juu yake. Alipotoka, mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi kuanzia kidole mpaka kiwiko. Alikuwa ameupitisha darini, kwenye masizi ya miaka hamsini. Akalikandamiza dole gumba kwenye fomu, akalishikilia hapo huku akimtazama Evaristi usoni, kisha akaiinua karatasi na kumpa.

"Peleka mkoani," alisema. "Mkoa ukiuliza ni wino gani huu, utaujibu wewe."