Daraja Lililonyooshwa

Kaka yangu Kipchirchir hawezi kuona waya umelegea akaupita hivi hivi. Ndivyo baba alivyotulea hapa karibu na Keringet: fensi iliyolegea ni ya mtu mvivu, na waya mzuri ukiugonga kwa kidole unalia. Sikatai. Lakini asubuhi ya kumzika mama, haki ya Mungu, nusura nimzabe kofi mbele ya pasta.

Gari lilikuwa limeleta jeneza kutoka Nakuru, likasimama upande wa barabara, maana boma letu liko ng'ambo ya mto. Mto ulikuwa umefurika. Ile njia ndefu ya kuzungukia mlimani ilikuwa imekatwa na maporomoko wiki hiyo. Lilibaki daraja jipya la miguu, lile la kamba za chuma, ambalo lilikuwa limemalizwa mwezi uliopita. Kaburi lilishachimbwa kando ya baba, na kwetu kaburi halilali wazi.

Injinia aliyelijenga, msichana wa Kiamunyi anayeitwa Wachuka, alikuwa amekuja kutufariji. Alitangulia kulikagua, akarudi uso umebadilika. Alisema hakuna mtu kuvuka. Yeye aliliacha limebonyea katikati, inavyotakiwa, na sasa limenyooka kama meza. Akauliza nani ameligusa.

Kipchirchir akainua mkono. Alikuwa amelikaza jana kwa winchi ya mkono ambayo mafundi waliiacha kwenye stoo yetu.

Wazee wakanung'unika kwamba lililonyooka ndilo lenye nguvu. Wachuka hakubishana nao. Aliomba kamba, akaning'iniza mtungi wa maji katikati, mimi nikashika ncha moja na pasta nyingine. Kamba ikiwa imebonyea, tulisimama bila shida. Alipotuambia tuvute mpaka inyooke, mikono ilitutetemeka, na pasta wa watu akaburutwa kwenye matope na viatu vyake vya ibada. Wachuka akasema zile zege zilizofukiwa ukingoni kushikilia kamba za daraja ndizo sisi wawili. Tukiingia na jeneza, zitang'oka.

Hapo nikawaka. Nilimwambia Kipchirchir kwamba kwake kila kitu ni fensi, kwamba alitaka wageni wa Nakuru wamsifu, na sasa mama amelazwa kando ya barabara kama mzigo wa viazi. Nilimwambia hata kaburini nisimwone. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama aliogopa kulivuka, Jebet," akasema. "Siku ile tulipompeleka hospitali alisimama hapo akakataa. Alisema linateremka sana, nyonga yake haitaweza. Tukamzungusha mlimani kwa pikipiki, tukafika tumechelewa. Nilimwahidi akirudi atapata pa sawa."

Mimi nilikuwa Nakuru siku hiyo. Hakuna aliyeniambia kwamba mama aliliogopa daraja. Uchungu ukanishika vibaya kuliko siku niliyopigiwa simu ya msiba.

Kulilegeza kulichukua mpaka alasiri. Kipchirchir aliishika winchi mwenyewe, akiachilia kidogo kidogo, Wachuka akipima kwa macho, na daraja likarudi kubonyea. Kisha Wachuka akazikagua zege za kingo zote mbili, akalivuka peke yake na kurudi. Akaruhusu jeneza na wabebaji wanne tu. Wengine wangefuata wachache wachache.

Kipchirchir alishika mbele. Nyuma nilishika mimi, na wazee hawakunizuia, ingawa kubeba jeneza ni kazi ya wanaume. Hasira yangu wanaijua. Mbao za daraja zikaanza kuteremka, jeneza likainama mbele, upande wa kaka, maji yakinguruma chini. Nikamsikia anaongea polepole, mdomo karibu na mbao za jeneza.

"Tunateremka kidogo tu, mama. Usiogope, nimekushika."

Tulipofika katikati alisimama. Hatua ya kupanda ikamshinda. Watu walingoja kwenye kingo zote mbili. Basi mimi, niliyekuwa nimemkataza kaburini, nikamjibu kwa niaba ya mama.

"Haya, mwanangu. Twende nyumbani."